Chupa za udongo na miembe ya Ujiji

Mgeni akishuka kwenye bajaji hapa Ujiji, swali la kwanza ni Livingstone alikutana wapi na Stanley. Twende, namwonyesha: mwaka 1871, wanaume wawili, picha, basi. Watumwa waliotolewa hapa shingo zikiwa kwenye minyororo, wakapitishwa Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, hakuna anayewauliza.

Wenzetu wa Montgomery, Alabama, kule Marekani, mwaka 2018 walifungua kumbukumbu ya watu weusi waliouawa na makundi ya wazungu, nguzo za chuma zaidi ya 800. Sawa, inatisha. Mimi nilinaswa na zile chupa. Ndugu na majirani huenda mahali mtu mweusi alipouawa na kundi la wazungu bila hata kesi, wakachota udongo, wakautia kwenye chupa ya kioo yenye jina lake na tarehe. Udongo mwingine mwekundu, utadhani wa kwetu.

Nikamuuliza babu mmoja mtaani, sisi tuandike jina gani? “Mjukuu wangu, anzeni na miembe ya njia ile ya watumwa. Inaisha kwa mkaa.” Vijana wachache wamekubali. Daftari tunalo, mbao za vibao ndizo bado, na fundi anataka hela kwanza.