Vidole Ndivyo Vilivyoniamulia Upasuaji wa Shingo

Mimi ni fundi cherehani, na shingo ilianza kuniuma miaka mingi kabla ya haya ninayoyaandika. Ilikuwa inauma, napaka dawa, napumzika, inapoa. Sikwenda hospitali kwa ajili ya maumivu hayo. Nilikwenda kwa sababu vidole vilianza kukataa kazi ndogo ndogo. Kutunga uzi kwenye sindano, kazi ambayo sikuwa hata naifikiria, ikawa inanila muda. Vifungo vikawa vinaniponyoka. Nikichora mstari wa mkato kwa chaki, mstari unayumba. Tena wakati huo maumivu ya shingo yalikuwa yamepungua, kwa hiyo watu wa nyumbani walishangaa niliposema nataka nionwe na daktari wa mishipa ya fahamu.

Miguu nayo ilikuwa na lake. Sikuwa naanguka, ila nikishuka ngazi gizani sharti nishike ukuta, kwani nyayo hazikuwa zikinipa habari kamili ya mahali zilipokanyaga. Na nikiinamisha kidevu hadi kifuani, kitu kama shoti ya umeme kilikuwa kinashuka mgongoni mpaka mapajani, kinapita, kinaisha.

Daktari hakuanza na picha. Aliniambia nikunje ngumi na kuikunjua kwa haraka kadiri niwezavyo kwa sekunde 10. Mwenye mikono mizima hufikisha mara 20 na kuzidi. Mimi nilikwama mbali kabisa na hapo. Akagonga magoti kwa kinyundo, miguu ikaruka kuliko inavyotakiwa. Akashika kidole changu cha kati, akakifyatua ncha kwenye ukucha, na kidole gumba kikajikunja chenyewe bila mimi kutaka. Akanitembeza nikigusanisha kisigino na vidole, nikayumba. Baada ya hayo ndipo akaandika kipimo cha MRI, picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. Naeleza haya kwa urefu kwa sababu wagonjwa wengi tunakimbilia picha, na ukimpiga picha mtu mzima yeyote aliyevuka miaka 40 kuna uwezekano mkubwa wa kumkuta na diski iliyotuna, ule mto laini ulio kati ya pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, hata kama hana shida yoyote. Picha peke yake haitoshi kumlaza mtu kwenye meza ya upasuaji. Inabidi ikubaliane na yale ambayo mwili wenyewe unaonyesha.

Kwangu mimi vilikubaliana. Shingo ina pingili 7. Diski ya kati ya pingili ya 5 na ya 6, na ile ya kati ya ya 6 na ya 7, zilikuwa zimechakaa na kutokeza kwa nyuma, na pembeni yake mfupa ulikuwa umeota vijiba. Vyote hivyo vilikuwa vimeubana ugwe mgongo, ule mkanda wa neva unaoshuka ndani ya mfereji wa pingili kutoka kwenye ubongo. Kwenye picha, mahali ulipobanwa palikuwa na doa jeupe, dalili kwamba ugwe wenyewe umeshaanza kuumia.

Hapo daktari alinieleza jambo ambalo naona ndilo linalogawa wagonjwa wa shingo makundi mawili. Diski ikibana mzizi wa neva pale unapotokea pembeni, mtu hupata maumivu makali yanayoshuka mkono mmoja, ganzi, pengine udhaifu. Inatesa sana, lakini wengi wao hupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache kwa dawa na mazoezi, bila kupasuliwa. Ugwe ukibanwa, habari ni nyingine. Unaweza usiumwe sana. Hali inaweza kutulia muda mrefu, kisha ikashuka ngazi moja kwa ghafla na isipande tena. Upasuaji wa ugwe uliobanwa lengo lake la kwanza ni kuzuia kuporomoka. Kurudisha kilichopotea ni la pili, na hakuna anayeweza kukuahidi.

Alinipima pia kwa mizani yenye alama 18, inayohesabu mikono, miguu, hisia na kuzuia mkojo. Alama 15 hadi 17 ni hali nyepesi, 12 hadi 14 ni ya kati, chini ya hapo ni kali. Nilipata 14. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2017 unapendekeza upasuaji kwa hali ya kati na kali. Kwa hali nyepesi, mgonjwa anaweza kupasuliwa au kuanza na mazoezi chini ya uangalizi, na akizidiwa apasuliwe. Mimi nilikuwa ukingoni, na hilo lilinipa mahangaiko makubwa. Ningekuwa na 16 ningesubiri. Ningekuwa na 10 nisingekuwa na la kufikiri.

Nyumbani kila mtu alikuwa na neno. Mdogo wangu alilia. "Dada, shingo haichezewi. Wakikukata hapo unaweza usinyanyuke tena." Mume wangu alisema uamuzi ni wangu na atanisindikiza kokote. Wengine walinishauri nikandwe na kuvunjwavunjwa shingo mpaka ilie. Hilo nililipeleka kwa daktari, akakaza uso: "Mama, asikuguse mtu shingo kwa kuizungusha kwa nguvu. Ugwe wako hauna nafasi ya kukwepa." Kama kuna sentensi moja ambayo ningependa kila mwenye ganzi za mikono yote miwili aisikie kabla hajatoa shingo yake kwa mkandaji, ni hiyo.

Nikaenda kwa daktari wa pili. Walikubaliana kwamba nipasuliwe. Walitofautiana wapitie wapi. Wa kwanza alitaka kupitia mbele, kooni. Wa pili aliwaza kupitia nyuma, kisogoni. Niliporudi nyumbani nilikuwa na hofu kuliko nilivyoondoka, maana nilidhani wataalamu wawili wakitofautiana basi mmoja hajui. Sivyo. Nilimuuliza kila mmoja kwa nini, na majibu yao yakanifundisha. Njia ya nyuma hufaa zaidi pale ugwe unapobanwa sehemu nyingi, tatu na kuendelea, na shingo ikiwa bado na upinde wake wa asili. Yangu ilikuwa imebanwa sehemu mbili, kutokea mbele, na picha ya eksirei niliyopigwa nimesimama ilionyesha upinde umepotea, shingo imeanza kuinamia mbele. Daktari wa pili alipoiona eksirei hiyo, naye akasema mbele. Niliuliza pia kuhusu diski ya bandia, ile inayoacha shingo icheze. Wote wawili walisema haikunifaa kwa sababu viungo vya nyuma vya pingili zangu vilikuwa vimeshachakaa.

Swali lililonisaidia kuliko yote nililoandika kwenye daftari lilikuwa hili: ni kipi hakitarudi? Daktari alijibu bila kuzunguka. Miguu itatulia, huenda mapema. Mikono itarudi kwa sehemu. Ganzi ya ncha za vidole inaweza kubaki. Na maumivu ya shingo yenyewe, yale ya zamani ya ufundi, asinidanganye, yanaweza kuendelea. Jibu hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimwamini.

Akanitajia na hatari. Sauti kukwaruza, kwa sababu neva ya kikoromeo hupita karibu. Shida ya kumeza. Damu kuvuja ndani ya shingo baada ya upasuaji na kubana njia ya hewa, jambo adimu lakini la dharura, ndiyo maana usiku wa kwanza huangaliwa kwa karibu. Bega kulegea kwa muda. Maambukizi. Pingili, ambazo huunganishwa baada ya diski kutolewa, kukataa kuungana. Na ugwe wenyewe kuumizwa, jambo adimu pia ila si la kufichwa. Kisha kuna la miaka ya mbele: pingili zikiunganishwa, diski jirani hubeba kazi zaidi. Utafiti unaotajwa sana, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta karibu wagonjwa 3 katika kila 100 kwa mwaka wanapata dalili mpya kwenye diski jirani, na ulikadiria takribani robo ya wagonjwa wote ndani ya miaka 10. Bado wanabishana kama chanzo ni kuunganishwa au ni uchakavu uleule unaoendelea.

Hofu yangu ya kugeuza kichwa ilikuwa na jibu zuri. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hufanyika kati ya pingili ya 1 na ya 2, juu kabisa, pasipoguswa. Leo nageuka kumwona mtu aliye nyuma yangu kwa kupinda kidogo mabega. Anayenitazama hagundui.

Siku ya upasuaji sina mengi ya kusimulia, nilikuwa nusu kaputi. Nakumbuka daktari wa usingizi alivyokuja mapema kunieleza kwamba ataingiza mpira wa hewa kwa kutumia kamera ndogo ili asilazimike kuipinda shingo. Walipasua kwenye mkunjo wa ngozi, wakasogeza koo na umio pembeni, wakatoa diski mbili na vile vijiba, wakaweka vipandikizi vyenye mfupa na kuvibana kwa bamba la titani na skrubu.

Nilipozinduka nilikunja vidole kabla sijafungua macho vizuri. Vilikunjika. Miguu pia. Nikalia.

Koo ndilo lililonitesa. Nilijiandaa kwa maumivu ya shingo, lakini kilichonishinda ni kumeza. Kila tonge lilisimama njiani. Nilikula vitu laini, nimekaa wima, kidogo kidogo, na badala ya vidonge vikubwa niliomba dawa ya maji. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshinda akipiga kelele. Ilirudi polepole ndani ya wiki kadhaa, ila hakuna aliyekuwa amenionya kwamba maumivu makubwa zaidi yatakuwa katikati ya mabega. Nilidhani kuna kitu kimevunjika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanieleza: diski iliyosinyaa ikitolewa na nafasi yake kuinuliwa, viungo vya nyuma na misuli iliyozoea kukaa imejikunja hunyooshwa ghafla. Joto, kutembea, na subira vilisaidia.

Mazoezi ya mwanzo yalikuwa kutembea tu. Ndani ya nyumba, halafu nje, kila siku mbali kidogo. Nilivaa kola ngumu. Madaktari wengine hawaivalishi kabisa pale bamba linapotumika, na yangu niliambiwa ni kwa sababu pingili zilizounganishwa zilikuwa tatu. Sikunyanyua kitu kizito, na kwa fundi hata kitambaa kilichokunjwa kwenye gogo lake ni kizito. Nililala nimeegemea mito, kwa vipande vipande. Dawa kali za maumivu zilinifunga tumbo, hilo nalo liulizeni mapema. Daktari alinizuia dawa kama diklofenaki na ibuprofeni kwa miezi ya mwanzo, kwa tahadhari ya kuchelewesha mfupa kuungana. Swali la sigara alinirudia kila tulipoonana, kwani nikotini huzuia mfupa kushika. Mimi sivuti, lakini anayevuta ajue kwamba kuacha kabla ya upasuaji ni sehemu ya tiba yenyewe.

Miguu ilitangulia kupona, kama alivyosema. Ngazi nikawa nashuka bila ukuta. Ile shoti ya mgongoni iliondoka moja kwa moja. Mikono ikabaki nyuma, na hapo ndipo nilipochoka moyo. Kovu limepona, watu wanasema "umepona, hongera," na mimi siwezi kushika pini. Kulikuwa na majira nilikaa mbele ya cherehani na kuifunika tena. Kilichonisaidia ni kuambiwa waziwazi kwamba ugwe hupona taratibu, nafuu kubwa huonekana ndani ya miezi sita ya kwanza na yaweza kuendelea mpaka mwaka na zaidi. Nikaacha kujipima kila asubuhi. Nilianza na sindano nene na turubai, nikahamia kwenye jinzi, kisha pamba, na hariri mwisho kabisa. Mtaalamu alinipa vifungo vya ukubwa tofauti nivitenganishe nimefumba macho, ili vidole vijifunze tena kuhisi.

Kazini nimebadilisha mpangilio. Meza ya kukatia imeinuliwa hadi kiwiko, kazi ya mkono naiweka kwenye ubao ulioinama ili macho yaifuate bila kidevu kushuka, na sikai kwenye cherehani muda mrefu bila kusimama. Mapambo ya shanga siyapokei tena. Nayapeleka kwa fundi mwenzangu.

Eksirei za baadaye zimeonyesha mfupa umeshika sehemu zote mbili. Ganzi imebaki kwenye ncha ya kidole gumba na cha shahada mkono wa kulia, na shingo bado inakaza siku za kazi nyingi. Diski iliyo juu ya bamba imeanza kutuna kidogo, haijabana kitu, na tumekubaliana na daktari tuiangalie tu. Kila mwanzo wa mwezi naweka saa sekunde 10, nakunja ngumi na kuikunjua, nahesabu, naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Idadi ikishuka, au miguu ikianza tena kutafuta ukuta, narudi kwake bila kungoja maumivu.