Punje kumi na nne za mchele

Gololi ya saba ya gobore, tuliyoimimina kwa madini ya risasi, ilipungua punje kumi na nne za mchele. Mzani wetu ulikuwa bua la mtama la urefu wa mkono, limening'inizwa katikati kwa uzi, na kila ncha ina kifuniko cha soda kilichotobolewa matundu matatu. Upande mmoja ilikaa gololi ambayo mjomba aliiridhia. Upande wa pili niliweka zilizobaki, moja baada ya nyingine, na ilipopungua nikaongeza mchele mpaka bua lilale sawa. Punje moja au mbili si neno. Kumi na nne maana yake ndani mna shimo la kuenea choroko, hata kama kwa nje inang'aa kama wenzake.

"Irudishe motoni," mjomba akasema. Hakuitazama mara mbili.

Ilikuwa Agosti 1993, Mto Mbwemkuru umebaki vidimbwi, nasi tumepiga kambi mwendo wa nusu siku kutoka Nanjirinji. Mjomba alikuwa na leseni ya gobore, na mwaka ule alipata kibali cha mbawala dume mmoja kutoka maliasili. Mnyama mmoja, basi. Kazi yote ya usiku ule ilikuwa kwa ajili ya mlio mmoja wa asubuhi.

Gobore lilikuwa la fataki, mtutu namba 16. Namba hiyo ni hesabu ya zamani: tufe la risasi linaloujaza mtutu, ukichukua kumi na sita kama hilo unapata ratili moja. Kwa kipimo ni kama milimita 17. Kalibu yetu, ya chuma, yenye mikono kama koleo, ilitoa gololi ya milimita 16, uzito gramu 24 hivi. Nafasi inayobaki ni ya kitambaa. Mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna mifuo ya kuizungusha gololi, kwa hiyo gololi yenye shimo upande mmoja huyumba hewani na kwenda inakotaka. Hatua thelathini zinatosha kumkosa mnyama, au kumvunja mguu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Wapo waliokuwa wakishindilia vipande vya nondo. Sikubaliani nao hadi leo. Nondo ni nyepesi kuliko risasi, haina umbo, inakwaruza mtutu, na ikimpata mnyama haipanuki. Inapita, naye anakwenda kufia mbali siku ya pili au ya tatu, chakula cha fisi.

Risasi yetu ilitoka Kilwa Kivinje: chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, za nyavu zilizochakaa, kilo mbili. Chubwi nzuri ni laini, ukucha unaacha alama. Vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu ya gari ni vigumu, vimechanganywa na madini mengine, gololi yake haibonyei vizuri. Sahani za betri kuukuu mjomba hakutaka hata kuziona kambini. Zina tindikali, na moshi wake ni sumu.

Ila chubwi nazo zina hila yake. Ni vibomba vilivyobanwa kwenye kamba, na ndani ya tundu hukaa mchanga, chumvi na unyevu. Tulizianika siku mbili juu ya bati, kisha zote zikaingia kwenye chungu cha chuma kikiwa bado baridi, ili unyevu utoke polepole moto unapopanda. Mwenzetu mmoja aliokota chubwi iliyodondoka kwenye nyasi zenye umande akaitupa ndani wakati risasi imekwisha yeyuka. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na maji yakifunikwa na kitu chenye joto hilo hugeuka mvuke papo hapo. Ulisikika mlio kama fataki na chungu kikatema. Matone matatu yalimpata mkononi, juu ya kifundo, yakaganda hapo hapo kwenye ngozi. Alivaa shati la mikono mirefu lakini alikuwa amelikunja. Toka hapo hakuna kilichoingia chunguni mpaka kwanza kikae pembeni ya moto kipate joto.

Chungu, narudia, cha chuma. Sufuria la alumini hulegea kwenye makaa makali, na uzito wa risasi unaweza kung'oa kitako chake. Na kikishatumika kwa risasi, hakipikiwi tena hata maji. Tulikaa upepo ukitupiga mgongoni, na hakuna aliyegusa ugali kabla ya kunawa kwa sabuni.

Juu ya risasi iliyoyeyuka palitanda utando wa kijivu. Ukiuchota mapema unatupa risasi nzuri. Mjomba alidondosha kipande cha nta ya nyuki, kama punje ya hindi, ikafuka moshi, akaiwasha, akakoroga mpaka chini. Utando ukarudi kuwa majimaji na juu yakabaki majivu meusi tu, hayo ndiyo ya kuchota. Uso wa risasi ukaonekana kama kioo. Ukianza kupata rangi ya manjano kisha zambarau, joto limepita kiasi, vuta makaa.

Kalibu aliipaka moshi wa kibatari kwa ndani, akaiegemeza kwenye ukingo wa chungu. Gololi tano za mwanzo zilitoka na makunyanzi kama ngozi ya mzee, kalibu ilikuwa bado baridi. Zilirudi zote. Ya sita ilitoka safi. Ya saba ndiyo ile ya mchele, na kosa lake nililiona likitendeka: alimimina kidogo kidogo, akainua kijiko mara tundu la kalibu lilipojaa. Risasi hupungua ikipoa. Mdomo wa tundu ukiganda kabla ya tumbo, tumbo halina pa kuvuta, linabaki na uwazi. Dawa yake ni kumimina kwa mkupuo mmoja na kuacha dimbwi dogo juu ya tundu, lizame lenyewe. Tulipata gololi thelathini na moja, tukabakiza ishirini na mbili.

Alfajiri alishindilia. Baruti kwa kipimo chake kile kile cha siku zote, kisha kitambaa cha marekani kilicholowekwa nta na mafuta ya ufuta, gololi juu yake, kitovu, pale ulipokatwa mkia wa risasi iliyoganda kwenye tundu la kalibu, kikitazama mdomo wa mtutu. Vitambaa vyenye nailoni huyeyuka mtutuni, havifai. Mdeki, ufito wa kushindilia, ulikuwa na alama mbili za kisu: moja ya mtutu mtupu, moja ya gololi iliyokaa juu ya baruti. Alama ya pili isipofika usawa wa mdomo, gololi imening'inia njiani, na hapo mtutu unaweza kupasuka. Alitazama alama, akatazama tena.

Dume alitoka kichakani upande wa vidimbwi jua halijachomoza, upepo ukitujia usoni. Mjomba alingoja ageuke ubavu. "Bismillahi, Allahu Akbar," kwa sauti ya chini, na moshi ukatufunika. Alishindilia tena kabla ya kusogea hatua moja, maana mbawala aliyejeruhiwa hulala kichakani akamngoja mtu na pembe. Damu kwenye majani ilikuwa ya waridi, ina povu. Hatua arobaini mbele tukamkuta, angali anapumua, akamchinja.

Jioni, nyama ikiwa uchagani, akaniambia, "Mjomba, lete mzani." Gololi tuliikuta chini ya ngozi ya ubavu wa pili, imepanuka kama kishikizo cha koti. Niliiweka mkabala na ile aliyoiridhia. Ilipungua punje thelathini na mbili, risasi iliyobaki ndani ya nyama. Jeraha tulikuwa tumelikata na nyama ya kiganja kizima kulizunguka. Akazitazama zile punje kwenye kifuniko, akachukua kisu, akarudi uchagani akakata vidole viwili zaidi, kisha akachimba shimo refu akafukia, mbwa wasije wakafukua.