Kinasa matetemeko, Ngamiani: wiki ya tisa

Siku sita kinaandika bila kuzimika. Kimeshanasa bajaji, mpira wa watoto ukutani, na jirani akitwanga kisamvu. Tetemeko, bado.

Kwa asiyefuatilia tangu mwanzo: usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 nilikuwa Dar, tetemeko la baharini likagonganisha glasi kabatini. Tangu hapo nikataka changu.

Ni kama geti dogo. Bomba la sentimita 70, huku limeegemea bolti iliyochongwa, huku limebeba kopo lenye kilo mbili na nusu za risasi za nyavu, limeshikiliwa kwa waya wa breki ya baiskeli (Tanga hii, waya hizo hazikosekani). Ardhi ikisogea, fremu huenda nayo, kopo hubaki nyuma. Sumaku ya spika mbovu ikipishana na koili, umeme kidogo huzaliwa. Amplifaya huukuza, Arduino, kile kikompyuta cha kwenye ubao mdogo, huuandika kwenye memori kadi.

Tatizo la wiki iliyopita: kopo likiguswa, linayumba dakika nzima. Nikakata kipande cha mfuniko wa sufuria nikakipitisha kati ya sumaku mbili. Aluminiamu haivutwi na sumaku, ila ikitembea hapo mkondo huzuka ndani yake na kuipiga breki. Sasa kopo linatulia upesi. Mama bado anautafuta mfuniko.

Kilichonihangaisha zaidi ni usiku. Saa nane mji umelala, mstari unaochorwa na kinasa haulali: vimawimbi, kimoja kila sekunde sita hivi, hadi alfajiri. Nikabadilisha resista. Nikazungushia foili. Nikachomoa hata friji, nikagombezwa. Vipo tu. Kumbe ni bahari yenyewe: mawimbi yakikutana huko nje, husukuma sakafu ya bahari, na mtikisiko husafiri ardhini mpaka chumbani kwangu. Juzi kusi iliposhika, vikanenepa. Jana ilipolegea, vikakonda. Nililaumu waya bure. Mtu anayeishi bara naye huvipata, ila sisi wa pwani tumekaa mlangoni.

Jumatano saa tisa usiku mstari ukaruka mpaka ukingoni. Nilishaanza kuhesabu sekunde kati ya wimbi la kwanza na la pili, nizidishe kwa 8 nipate kilomita za hadi lilikotokea tetemeko. Wimbi la pili halikuja. Nikamulika tochi: mjusi kafiri, juu ya kopo, ametulia.

Kesho nanunua plaiwudi ya kutengenezea sanduku.