Ngozi ya Tumbo

Juzi nilikuwa nabadilisha nguo, mlango haujafungwa vizuri, kitindamimba wangu akaingia kutafuta chaja. Akanitazama kifuani, akauliza, "Mama, mbona titi moja lina michirizi na lingine halina?" Nikamwambia hiyo michirizi ni yake, yeye ndiye aliyeichora akiwa tumboni, ila siku hizi imehamia juu. Akacheka, akachukua chaja yake, akatoka. Alidhani namtania. Nikaketi kitandani, ikanijia ile asubuhi ya kalamu.

Mnaonifahamu mnajua nilivyokuwa. Kilo 118, sukari, presha, magoti yasiyopanda ngazi. Nikaanza kutembea kuelekea Menengai alfajiri, nikaachana na soda na chapati, mwili ukashuka hadi kilo 72. Mtaani hawakunipongeza. Hapa Nakuru mwanamke akikonda hivyo, watu humwangalia kwa huruma na kunong'ona. Kisha nikaoga siku moja, titi limelegea, nikahisi kitu kigumu ndani, na wale waliokuwa wakinong'ona wakaona kumbe walijua. Ilikuwa saratani. Dawa za kemo, titi likatolewa, mionzi. Hayo nilishayaeleza.

Nisichowahi kueleza ni habari ya tumbo. Ukipoteza kilo 40 na ushei, mafuta huondoka lakini ngozi hairudi. Yangu iliangukia mapajani. Kila asubuhi niliikunja ndani ya mkanda na kupaka poda chini yake isichubuke. Nilikuwa nimeanza kuweka akiba ili niikatwe, nayo akiba ikaliwa na kemo.

Daktari wa upasuaji wa plastiki, wa kunitengenezea titi jipya, hakunipa tarehe upesi. Alisema ngozi iliyopigwa mionzi haitanuki vizuri, kwa hiyo mfuko wa silikoni ungeweza kunisumbua. Afadhali nyama yangu mwenyewe, ya tumboni. Lakini kwanza uzito utulie kwa miezi, usipande wala kushuka, na damu ipimwe chuma na protini, kwa sababu waliopungua sana mara nyingi huwa na upungufu, na kidonda cha mtu asiyekula hakifungi. Mimi niliyekuwa nimejifunza kuogopa sahani nikaambiwa nile. Mayai, omena, ndengu. Nilikula huku machozi yakinitoka, kila kijiko naona kilo zinarudi.

Kampuni ya bima ilikataa kulipa, eti ni urembo. Aliyekatwa mguu akitafuta mguu wa bandia, nani humwambia anatafuta urembo? Ndugu, chama na watu wa kanisa wakachanga. Mungu awazidishie.

Asubuhi yenyewe daktari alikuja na kalamu ya wino wa zambarau. Nikaanza kupanda kitandani, akanizuia. "La, mama, simama. Ukilala ngozi inakimbilia ubavuni, nitachora pasipo penyewe." Nikasimama pekupeku kwenye sakafu baridi, leso nimeishikilia mabegani kwa mikono miwili. Sista mmoja, mtu mzima kunizidi, akanyoosha mkono bila kusema neno. Nikamwachia leso. Kwa miaka mingi hata mume wangu hakuwa ameniona hivyo na taa imewashwa.

Daktari alianzia kidarini, akashusha mstari mmoja katikati hadi chini. Akaliinua titi lililobaki, akachora mkunjo wake, akaupima kwa rula na kuuhamishia upande mtupu. Kisha akapiga goti, akashika tumbo. Alilishika kwa viganja vyote viwili, likamjaa, akalivuta mbele, akabana juu na chini kuona kama kingo zitakutana akishatoa sehemu ya katikati. Akachora kutoka nyonga hadi nyonga, chini kabisa, halafu mstari mwingine juu ya kitovu. Kalamu ilikuwa ikikwama kwenye michirizi. Kila ilipokwama aliinyoosha ngozi kwa kidole gumba, wino ukapita.

"Hii ni nzuri," akasema.

"Yote hiyo?"

"Ya kati. Huko pembeni kabisa damu haifiki vizuri, hiyo tutaitupa. Lakini ungekuwa umeshaikatisha, leo tungekuwa tunatafuta mgongoni."

Nikainamisha kichwa nikalitazama tumbo langu lenye ramani ya zambarau. Nzuri. Nilikuwa nimeliita majina mengi, hilo halikuwamo. Sista akanirudishia leso, akasema, "Shukuru Mungu, mama." Nikashindwa kuitikia. Nishukuru nini? Kwamba pesa ziliisha kabla sijalikata?

Yaliyofuata niliyapitia usingizini. Kipande cha ngozi na mafuta, kikiwa bado kimeshikana na msuli wa tumbo na mishipa yake ya damu, kilipitishwa chini ya ngozi hadi kifuani. Nilisoma baadaye kwamba mbinu hiyo ilielezwa mwaka 1982 na daktari Carl Hartrampf wa Atlanta na wenzake, mwaka ule ule niliozaliwa. Ulipotoka msuli wakashona wavu wa kushikilia tumbo. Usiku manesi walikuja mara kwa mara kuweka mgongo wa mkono juu ya titi jipya, maana kwa ngozi nyeusi kama yangu rangi peke yake inaweza kukudanganya. Joto lazima lipimwe pia. Lilikuwa na joto. Kidonda cha tumbo ndicho kilichofunguka pembeni, jambo ambalo daktari alikuwa amenionya huwapata sana watu waliopungua kama mimi. Wifi yangu ambaye ni nesi alikisafisha pale sebuleni kwa wiki nyingi. Baadaye titi la pili nalo likapandishwa yalingane.

Mama yangu mpaka leo huniuliza kwa nini nilikubali kisu tena na nilikuwa nimeshapona. Sina jibu la kumtosha. Titi hili halihisi kitu, chai ya moto ikilimwagikia sitajua mpaka nione. Na kwa kuwa ni mafuta ya tumbo, nikinenepa nalo linanenepa. Lakini nikisimama mbele ya darasa sishiki tena kifua kwa mkono kila ninapoinama, na hilo kwangu si dogo.

Bado chuchu. Daktari anasema inaweza kutengenezwa kwa ngozi hiyo hiyo, kisha itiwe rangi kwa sindano, si kazi kubwa. Kuna siku naitaka sana. Kuna siku naona sitaki mtu yeyote anisogelee tena na kalamu. Mume wangu ananiambia uamuzi ni wangu, nami kuna wakati natamani angesema tu anachotaka yeye.