Nilivyozizoea "nada" na "nadie" hadi zikatulia kwenye Kiingereza

Natafsiri nyaraka kutoka Kihispania kwenda Kiingereza: maelezo ya wafanyakazi, barua za wapangaji, mikataba, mara chache hadithi fupi. Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi Valencia, na lugha zote mbili ninazofanyia kazi nilizikuta ukubwani. Kati ya mambo yote ya Kihispania, lililonipa kazi kubwa halikuwa msamiati wala vitenzi vyake vyenye sura nyingi. Lilikuwa namna Wahispania wanavyokanusha.

Chukua sentensi hii, ya aina ninayokutana nayo katika maelezo ya watu waliopunguziwa saa za kazi bila taarifa: "Nadie me dijo nunca nada." Maneno matano, na matatu kati yake ni ya kukanusha. "Nadie" inakanusha mtu, "nunca" inakanusha wakati, "nada" inakanusha kitu. Kwa Kihispania hiyo ni sentensi safi, anaisema profesa na anaisema muuza samaki. Kiingereza sanifu hakikubali mrundikano huo. Kinataka kanusho moja tu, na yaliyobaki yageuke: "Nobody ever told me anything."

Mwanzoni nilikuwa nahangaika na kila neno peke yake. "Nada" niiandike "nothing" au "anything"? "Nadie" iwe "nobody" au "anyone"? Kamusi hazisaidii hapo, kwa sababu zinatoa yote mawili na kukuachia mzigo. Kilichonifungulia njia ni Kiswahili.

Sisi hatuna neno moja lenye maana ya "nadie". Tunasema "hakuja mtu". Kitenzi kinakanushwa, halafu "mtu" anafuata nyuma, mtu wa kawaida kabisa asiye na ukanushi wowote ndani yake. Mhispania anasema "No vino nadie", kwa mpangilio uleule: kanusho, kitenzi, mtu. "Sikuona kitu" ni "No vi nada". Nikaanza kuisoma "nadie" kama "mtu" na "nada" kama "kitu" kila nilipoona "no" imetangulia kitenzi, na sentensi zikaanza kunyooka zenyewe. Baadaye nilifurahi kukuta kwamba historia ya maneno hayo inaunga mkono usomaji huo. "Nada" inatokana na Kilatini "res nata", yaani kitu kilichozaliwa, na "nadie" inatokana na "nati", waliozaliwa. Yalikuwa maneno ya kawaida ya kitu na watu, yakakaa karibu na ukanushi kwa karne nyingi mpaka yakaubeba wenyewe.

Na kweli siku hizi yanaubeba. Likitangulia kitenzi, neno hilo linatosha na "no" inaondoka: "Nadie vino." Ukiulizwa umeona nini, unajibu "Nada" na mambo yameisha. Kiswahili hapo hakiwezi kunifuata, maana tukisema "mtu hakuja" tunaeleweka vingine, kama kuna mtu fulani tuliyekuwa tunamngoja.

Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu. Naisoma sentensi yote ya Kihispania, naisema kwa Kiswahili kimoyomoyo, kisha naiuliza: anayekanusha hapa ni nani? Nikishampata, namtafutia nafasi moja kwenye Kiingereza, na nafasi hiyo huwa mapema iwezekanavyo. Kiingereza hakipendi "anyone" atangulie kanusho. "Anyone didn't come" ni kosa, lazima iwe "Nobody came". Lakini mtu akiwa nyuma ya kitenzi, una hiari: "No vi a nadie" inaweza kuwa "I didn't see anyone" au "I saw no one". Ya kwanza ni ya mazungumzo. Ya pili ina mkazo, ina harufu ya maandishi, na katika maelezo ya shahidi naitumia pale tu ambapo msemaji mwenyewe ameweka mkazo.

Kuna binti wa Mombasa anayejifunza kazi hii, na siku moja alinitumia rasimu yake ya maelezo ya mama mmoja akauliza, "Dada, kwa nini tusiache makanusho yote yalivyo, ili msomaji aisikie sauti ya mama huyu?" Swali zuri, nami nalichukulia kwa uzito mkubwa. Nilimjibu hivi: "Mdogo wangu, ukiandika 'Nobody never told me nothing', umembadilisha mama wa watu." Lahaja nyingi za Kiingereza, kikiwemo cha Wamarekani Weusi, zina ukanushi wa aina hiyo kwa kanuni zake kamili, na hata mshairi Mwingereza Chaucer katika karne ya 14 aliuandika bila shida. Lakini ofisini, mezani kwa wakili au kwa hakimu, msomaji wa leo akiona sentensi hiyo anamhukumu msemaji kuwa hakusoma. Kihispania cha yule mama hakina dalili hiyo hata chembe. Mtafsiri hana haki ya kumshusha mtu daraja kwa sababu ya sarufi ambayo kwao ni sahihi. Hilo silifanyii mzaha.

Baada ya kushika mrundikano, nikaingia kwenye sehemu ngumu zaidi: ukanushi usiokanusha, na ukanushi usioonekana.

Mwenye nyumba anaandika: "No devolveré la fianza hasta que no entregue las llaves." Ukitafsiri neno kwa neno, unapata kwamba hatarudisha amana mpaka mpangaji asipokabidhi funguo, jambo lisilo na akili. Ile "no" ya pili ni ya mapambo, Wahispania wengi wanaiweka bila kufikiri. Kiingereza hakiitaki kabisa: "until the tenant hands over the keys." Wenzangu wanaotokea Kiingereza huchanganyikiwa hapa. Mimi nilikuwa na msaada wa nyumbani, kwa sababu sisi tunasema "kabla hajafika" tukimaanisha kabla ya kufika kwake. "Haja-" ile imevaa vazi la kukanusha bila kukanusha lolote, na hakuna Mswahili anayebabaika nayo.

Kinyume chake ni "hasta", yaani "mpaka", ya Meksiko. Mhispania akisema "La oficina abre hasta las nueve" anaelewa kwamba ofisi iko wazi mpaka saa tatu usiku. Wameksiko wengi wakisema hivyohivyo wanamaanisha haifunguliwi mpaka saa tatu asubuhi: "doesn't open until nine." Kanusho lipo, ila halikuandikwa. Siku hizi waraka wenye saa au tarehe baada ya "hasta" siugusi kabla sijauliza mwandishi anatoka wapi, na nikibaki na wasiwasi namwandikia mteja athibitishe. Mtu anaweza kukosa miadi ya mahakama kwa neno hilo moja.

Pesa nazo zina mtego wake. "No me deben más que ochocientos euros" maana yake ninawadai euro 800 tu, si zaidi wala si pungufu. "No me deben más de ochocientos euros" maana yake deni halizidi 800, huenda likawa chini. Tofauti ni "que" na "de". Ya kwanza naiandika "They only owe me", ya pili "They owe me no more than". Narudia kuisoma kila mara kabla ya kutuma.

Halafu kuna "cualquiera". "Eso no lo puede hacer nadie" ni kwamba hakuna awezaye. "Eso no lo puede hacer cualquiera" ni kwamba si kila mtu anaweza, wapo wachache wanaoweza. Hapa Kiswahili chetu kinaweza kukuponza, kwa kuwa "yeyote" yetu inafanya kazi zote mbili. Kiingereza kinahitaji "not just anyone" kwa hiyo ya pili, na lile "just" ndilo linalookoa maana.

Vipo pia vifungu vinavyoonekana vya kukubali kumbe vinakataa. "En absoluto" ikijibiwa peke yake kwa kawaida ni "not at all", hata kidogo. "En mi vida he visto cosa igual" ni "never in my life", ingawa hakuna "no" popote. Na "alguno" akihamia nyuma ya nomino anageuka kuwa wa kukataa: "sin duda alguna", bila shaka yoyote. Upande wa pili, kwenye ulinganisho maneno ya kukanusha yanakuwa ya kukubali: "más que nunca" ni "more than ever", "mejor que nadie" ni "better than anyone". Hayo niliyakariri tu, sikuona njia nyingine.

Nahau ndizo ninazozipenda kuliko vyote. Mhispania ambaye hakupata usingizi anasema "no pegué ojo", hakugandisha jicho. Mwingereza anasema "I didn't sleep a wink", hakupata hata upepeso mmoja. Sisi tunasema sikupata hata lepe la usingizi. Lugha tatu zimechukua kitu kidogo kabisa kinachohusu usingizi na kukikanusha. Nilipouona mtindo huo niliacha kutafuta neno la jicho kwa jicho, nikaanza kutafuta kile kidogo ambacho lugha nyingine imekichagua. "Me importa un bledo" inazungumzia mmea wa jamii ya mchicha. Kiingereza hakina haja na mchicha, kinataka "I couldn't care less" au neno kali zaidi, kulingana na hasira ya msemaji. "Nada más llegar" haina uhusiano na kutokuwepo kwa kitu, ni "as soon as he arrived". "Como si nada" ni "as if nothing had happened", na Kiingereza hapo kinalazimika kumalizia sentensi ambayo Mhispania ameiacha njiani.

Ninayoendelea kuifikiria upya kila inapokuja ni "pues nada" ya Hispania. Watu wanaisema wanapotaka kufunga mazungumzo: "Pues nada, nos vemos mañana." Haikanushi kitu. Kwenye barua pepe za kikazi nimekuwa nikiiweka "Right then", kwenye mazungumzo ya marafiki "Anyway", na mara nyingine naiacha kabisa. Kwa Kiswahili wala nisingesita. Ningeandika, "Haya basi, tuonane kesho."