Jigi fupi na trela yake: kumbukumbu ya mradi wangu wa Naivasha

Machi, wiki ya pili

Mzigo wa shemeji umefika kutoka Texas, umeletwa na msafiri. Nilimwomba viatu vya kazi. Ameleta viatu, na ndani ya kiatu cha kushoto nikakuta jigi sita fupi na pakiti tatu za trela. Shemeji wa namna hii hapatikani sokoni.

Kwa asiyezijua: jigi ni chambo bandia cha kuvulia samaki, kichwa cha madini ya risasi kilichomiminwa juu ya ndoana. Mbele yake pana brashi ndogo ya nailoni inayoilinda ndoana isinase majani, na shingoni imefungwa sketi ya nyuzi za silikoni. Trela ni kipande cha plastiki laini unachokichomeka kwenye ndoana nyuma ya sketi, na mara nyingi kina magando mawili kama ya kamba. Jina limefaa. Kila aliyewahi kupanda barabara ya Mai Mahiu nyuma ya malori anajua kuwa lori dogo na trela kubwa si ndoa ya kudumu, na hilo ndilo swali lote la mradi huu: kichwa kipi kivute trela ipi.

Hizi za shemeji zinaitwa fupi kwa sababu ukizifumbata mkononi hazionekani. Zina gramu saba, ndoana ni ya saizi 2/0, na sketi inakomea pale ndoana inapopinda. Trela nazo nimezipima: ndefu ina sentimita kumi. Hata kabla ya kuitia majini, macho yalikuwa yameshaikataa.

Samaki ninayemtafuta katika Ziwa Naivasha ni blaki-basi. Nyumbani nikisema naenda kutafuta basi, mama watoto ananiuliza linaelekea wapi.

Machi, wiki ya nne

Nimesoma maelezo ya nyuma ya pakiti. Yanasema majira ya joto tumia trela yenye magando yanayopigapiga, majira ya baridi tumia iliyotulia. Ushauri mzuri kwa Texas. Hapa nimetumbukiza kipimajoto asubuhi nikapata nyuzi 21, mchana nikapata 23, na sitarajii Julai ije na barafu. Ziwa letu liko karibu na ikweta, kwenye mwinuko mkubwa ingawa ni bondeni, na halina kiangazi wala kipupwe cha Kimarekani. Kwa hiyo kalenda yao nimeiweka kando. Nitauliza maji na chakula.

Chakula kinajulikana. Blaki-basi aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929. Kamba mwekundu, yule wa asili ya Louisiana ambaye wavuvi wetu wanamwita krefishi, aliingizwa mwaka 1970. Wote wawili ni wageni kutoka upande mmoja wa dunia, wakakutana tena hapa bondeni, na mmoja akaendelea kumla mwenzake kama kwao. Ndiyo maana nasema jigi ya kamba haikuja hapa kwa bahati mbaya. Pengine hakuna ziwa jingine katika nchi yetu inapofaa zaidi.

Aprili

Jigi sita ni chache, nami nina mkono wa kupoteza. Nimeamua kumimina zangu.

Risasi nimeinunua kwa mafundi wa pancha, vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu. Tahadhari: siku hizi vingi ni vya zinki, na vikichanganyika na risasi vinaiharibu, inakuwa nzito kumiminika kama uji wa jana. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, zinki kwenye 420. Ukiuzuia moto usizidi sana, risasi inakuwa maji na zinki inaelea juu ikiwa bado ngumu, unaiopoa kwa kijiko. Jiko ni la makaa, nje, upepo ukiwa mgongoni kwangu, na sufuria ile haitarudi jikoni tena hata ioshwe na malaika.

Kalibu nimeichonga kwa jasi, nusu mbili. Hapa ndipo nilipokosea. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, jasi ikawa bado na unyevu ndani ingawa juu imekauka. Nilipomimina, mvuke ulitafuta njia ukaipata: risasi ilirukia kiatu. Kiatu kipya cha shemeji. Mguu ulisalimika. Tangu siku hiyo kalibu inakaa siku mbili juu ya jiko lililozimika, na mimi navaa miwani ya kuchomelea.

Brashi nimeikata kwenye ufagio wa nailoni. Sketi nimezifunga kwa waya mwembamba wa shaba kutoka mota ya pampu iliyoungua; kazini kwangu hizo hazikosekani. Waya unashika kuliko mpira, na hauchakai juani.

Mei, Jumamosi

Jaribio la pipa. Nimejaza pipa la maji uani, kina sentimita 85, na mwanangu wa darasa la sita ameshika simu kama mtunza muda wa mbio za Iten. Kila jigi tumeidondosha mara kumi.

Gramu saba bila trela: sekunde moja na kidogo. Gramu saba na ile trela ndefu ya magando mapana: zaidi ya sekunde mbili, na inashuka kama mwavuli, ikiyumba. Gramu kumi na trela hiyohiyo: chini ya sekunde mbili, imetulia. Gramu saba na trela fupi yenye magando membamba yaliyonyooka: karibu na ile isiyo na trela kabisa.

Kidole cha mtoto kwenye simu si saa ya maabara, lakini tofauti ilionekana hata kwa macho. Nilikuwa nadhani trela ni pambo. Kumbe trela ndiyo breki. Unaweza kubaki na kichwa kilekile na ukabadilisha mwendo wa kuzama kwa kubadilisha kipande cha nyuma tu, au ukaing'ata trela kwa meno upande wa mbele, nusu sentimita, na ukaiona inaongeza kasi. Mwanangu aliuliza kama plastiki ina ladha. Ina chumvi. Nimemkataza asijaribu.

Mei, siku mbili baadaye

Msiba wa sandukuni. Moja ya pakiti za shemeji ni ya trela zile zinazoelea, laini na zinazovutika kama mpira wa manati. Nilizipenda kwa sababu jigi ikitua chini, magando yanasimama juu, na kamba akitishwa hufanya hivyohivyo. Nikaziweka pamoja na nyingine za kawaida. Leo nimefungua sanduku nikakuta uji. Plastiki hizo mbili hazipatani kikemikali, zikigusana zinayeyushana, na zimekula hadi sehemu ya chini ya sanduku. Nimepoteza kumi na moja. Zilizosalia zimerudi kwenye pakiti yake ya asili na zitakufa humo.

Juni, Jumapili

Nimekwenda Kamere, ufuko wa wavuvi, asubuhi kuwaomba wavuvi krefishi walionaswa kwenye nyavu. Mtu anayeomba takataka huangaliwa vibaya kidogo. "Baba, unataka kula hawa?" Nikawaambia nataka kuwaangalia tu, ikawa mbaya zaidi.

Nimewaweka saba kwenye karai nikakaa nao saa nzima. Mambo mawili, na yote mawili yamenigharimu.

La kwanza ni rangi. Jigi zangu zote nimezitia nyekundu, na nimezipaka rangi ya kucha ya mama watoto juu yake zing'ae. Lakini wekundu ule ni wa kamba wakubwa. Wadogo, wale wa sentimita tano au sita ambao jigi fupi inawaiga, ni wa kijivu na kijani kichafu, rangi ya tope lenye majani. Nilikuwa nimemvisha mtoto koti la babu yake.

La pili ni mwendo. Ukimsogezea kidole, kamba anainua magando, na ukizidi anapiga mkia na kukimbia kinyumenyume. Mkia unatangulia, magando yanafuata yamelala pamoja, yanaelekea kwa adui. Basi kichwa cha jigi ndicho mkia wa kamba, na trela nyuma ndiyo magando. Nimevua na jigi miaka mitatu bila kuligundua hilo, nikidhani ninavuta mnyama anayetembea mbele. Na mnyama anayekimbia hapepei magando kama bendera. Anayakunja.

Jioni nimefumua sketi nyekundu nane. Rangi ya kucha haitoki kwenye risasi. Nimeipaka nyeusi juu yake.

Juni, Jumamosi iliyofuata

Ziwani, na leseni mfukoni. Nahodha ni mzee mmoja ambaye amevua hapa tangu kabla samaki aina ya kapu hawajafika, na anakumbuka: kapu walionekana mara ya kwanza mwaka 2001, leo ndio wanaojaza mitumbwi. Yeye hana maneno mengi.

"Shikamoo, mzee. Leo wanakula nini?"

"Marahaba. Kilekile."

Tumekwenda kwenye migunga iliyozama ziwa lilipopanda mwaka 2020. Ni miti mikavu imesimama majini, juu yake minandi wameanika mbawa. Kina mita mbili, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Magugu maji yamesukumwa na upepo usiku, yameziba upande wa mafunjo, lakini yana matundu hapa na pale ya ukubwa wa karai.

Nimeanza na gramu saba na trela ya magando mapana. Upepo ukashika mshipi, jigi ikawa inaelea katikati, sikuhisi inapotua. Mara mbili nimevuta nikakuta trela imenyofolewa gando moja. Maana yake samaki alikuja, akaonja, akaondoka, mimi nikiwa natazama minandi. Nikahamia gramu kumi na trela ileile. Kutua nikakuhisi vizuri, tok. Lakini kwenye matundu ya magugu magando yalikuwa yananing'inia kwenye mizizi, na kichwa kikikazana kwenda chini trela inabaki juu. Lori limefika, trela iko Mai Mahiu.

Tatu: gramu saba, trela fupi ya magando yaliyonyooka, ya kijani kichafu. Ilipita tundu la magugu kama sarafu kwenye kisima. Ikatua. Nikaiacha nikihesabu hadi tano, nikainua kidogo, mshipi ukaanza kwenda pembeni wenyewe. Nikavuta. Nilimhisi, mzito, akatikisa kichwa mara mbili, akatoka.

Mara nne mfululizo hivyo. Wanang'ata na hawanasi. Mzee akaniomba nimwonyeshe ile jigi. Akaigeuza, akaingiza ncha ya kidole kati ya mshale wa ndoana na trela, kidole hakikupita. "Mdomo umefungwa," akasema, akanirudishia.

Ni kweli. Trela ni fupi, lakini tumbo lake ni nene, limejaza nafasi yote ya ndoana. Na brashi yangu ya ufagio ni ngumu mno, ukiibonyeza kwa kidole haikubali. Nikapunguza nyuzi za brashi karibu nusu kwa mkasi. Nikaing'ata trela mbele, halafu nikaikata tumbo upande wa chini kwa wembe. Samaki wawili baada ya hapo, wote wameingia mashuani. Mmoja nimemrudisha. Mwingine nimemla, na tumboni mwake nimekuta kamba watatu. Niliyeweza kumpima alikuwa sentimita sita.

Kiboko alitoka saa nne, tukaondoka saa nne na dakika moja.

Julai

Wiki mbili za kazi, hakuna uvuvi. Nimepunguza nyuzi za sketi kutoka hamsini hadi kama thelathini. Sketi nene pia ni breki, nayo inaificha trela ndogo. Nimekata nyuzi za juu fupi zaidi, zikasimama kama manyoya ya kifaranga. Zinapumua majini hata jigi ikiwa imetulia, na huo ndio mchezo wote ninaouhitaji. Trela sasa sitaki icheze.

Jambo moja linanisumbua. Naivasha iko kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 1995, na mimi natupa risasi humo kila ninapokatikiwa. Uingereza walizuia vizito vidogo vya risasi vya kuvulia mwaka 1987, kwa ajili ya bata-maji waliokuwa wakivimeza na kufa. Hapa ndege ndio wenye ziwa. Bati linayeyuka kirahisi kuliko risasi na halina sumu hiyo, lakini ni jepesi, kwa hiyo kichwa cha gramu saba kitakuwa kikubwa zaidi na kitahitaji kalibu mpya. Bei yake pia si ya mafundi wa pancha. Nimenunua kipande kimoja nijaribu.

Agosti, Jumamosi ya kwanza

Jigi ya bati ya kwanza imetoka kwenye kalibu. Ni nono, inang'aa kama kijiko cha harusi. Pipani inashuka polepole kuliko ya risasi ya uzito uleule, kwa sababu ya unene. Nimeondoa sketi nyuzi kumi zaidi na nimeifupisha trela hadi sentimita tano, ikarudi karibu na mwendo ninaoutaka. Mtunza muda amedai malipo.

Ziwani: samaki watatu, wote kwenye matundu ya magugu, mkubwa ana kilo moja na robo kwa mizani ya mzee, ambayo siiamini sana. Trela moja imedumu hadi wa pili. Tone la gundi ya supagluu pale inapokutana na shingo ya jigi linazuia isiteleze kwenda chini, na samaki hawajali.

Zimebaki nne za risasi na mbili za bati. Ya tatu ya bati iko kwenye mgunga wa kwanza kutoka ufukweni, mita moja juu ya maji, mahali ambapo mnandi anaitazama kila asubuhi. Mzee amekataa kupeleka mashua. Kiboko anakaa hapo chini.