Nilivyoyaelewa Matunda kwa Kisu, Msumeno na Nazi Isiyofuliwa

Mwaka jana nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, nikiwa mtahiniwa wa kibinafsi, mwenye umri wa miaka 36, mlinzi wa usiku huko Kilimani na mkaazi wa Kawangware, jijini Nairobi. Biolojia ndilo somo lililonitia hofu kuliko yote, na ndani yake hakuna mada iliyonitoa jasho kama ile ya matunda. Nilifaulu, na ninaandika haya kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa mbaya kabisa, nami najua wapo wengi wanaoendelea kupewa ushauri huo huo.

Mwalimu wa masomo ya jioni alitugawia jedwali lenye majina ya aina za matunda na mifano yake, akatuambia, "Karirini hili tu, mtihani hauulizi zaidi ya hapa." Nilikariri kwa majuma matatu, nikitembea langoni usiku kucha huku midomo ikicheza. Katika mtihani wa majaribio tukawekewa visahani viwili, kimoja kikiwa na punje ya mahindi na kingine cha haragwe, tukaulizwa ipi ni mbegu, ipi ni tunda, na ushahidi ni upi. Niliandika kwamba zote ni mbegu, kwa kuwa zote hupandwa shambani. Nilikosa, na lile jedwali halikuwa na neno hata moja la kunisaidia.

Kwamba tunda ni ovari ya ua iliyokomaa, na kwamba vijiyai vilivyomo ndani yake hugeuka kuwa mbegu baada ya utungisho, hayo yamo katika kila kitabu. Jambo ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja kisha vikalipita ni makovu. Tunda lina makovu mawili, moja pale liliposhikana na kikonyo na jingine pale palipokuwa na njia ya kuipitisha chavua hadi kwenye ovari. Mbegu ina kovu moja tu, pale iliposhikana na tunda lake.

Sikuliamini hadi nilipoliona kwa macho yangu. Nilimwomba mama mboga wa mtaani kwetu hindi bichi ambalo halijamenywa, nikaketi mlangoni na kuyafunua maganda yake moja baada ya jingine, polepole, bila kuzing'oa nywele. Kila unywele ulikuwa umekwenda kwenye punje yake, unywele mmoja kwa punje moja, tangu kileleni mwa hindi hadi chini. Unywele ule ndio njia ya chavua, na punje ambayo unywele wake haukupata chavua haijai, ndiyo maana mahindi mengine huwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayebadilisha meno. Nilipouvuta unywele mmoja ukaacha alama ndogo juu ya punje, na nilipoibandua punje ile kutoka kwenye gunzi nikaiona alama ya pili chini yake. Basi punje ya mahindi ni tunda, ambalo ukuta wake umegandamana na ganda la mbegu hata haviwezi kutenganishwa, na ndivyo zilivyo pia punje za mchele, ngano na mtama. Haragwe nililolichukua baadaye lilikuwa na kovu moja ubavuni, na tunda lake ni lile ganda refu tunalolitupa.

Tulipofika kwenye matunda yenye kokwa, mwalimu alitaja nazi, akasema ukuta wake una tabaka tatu, yaani epikapi, mesokapi na endokapi. Wenzangu hawakuelewa, wala siwalaumu, kwa kuwa nazi inayouzwa katika masoko ya Nairobi huja ikiwa imekwisha kufuliwa, yaani kutolewa ganda lake la nyuzi, hivyo wao walikidhania kifuu kuwa ndiyo ngozi ya tunda. Mimi nimezaliwa Kilifi. Usiku ule ule nilimpigia mama simu.

"Shikamoo mama. Naomba unitumie nazi mbili zisizofuliwa."

"Marahaba mwanangu. Kwani huko Nairobi mmekosa nazi?"

Zililetwa kwa basi, na nauli yake ilikuwa shilingi mia mbili na kitu. Sikuzifua. Nilimpelekea moja fundi seremala jirani yangu, akaipasua kwa msumeno toka kikonyoni hadi nchani huku beseni likiyakinga maji, na nilipoitazama nusu ile nilifurahi kama niliyepata mshahara. Ngozi nyororo ya nje ndiyo epikapi. Makumbi ndiyo mesokapi, nayo imejaa nyuzi na hewa, na kwa sababu hiyo nazi huelea baharini ikachukuliwa na mawimbi hadi ufuo mwingine. Kifuu ndicho endokapi. Kuanzia hapo tunda limekwisha na mbegu imeanza, maana nyama na maji ni akiba ya chakula cha mche, ambao hutokea katika lile jicho moja laini kati ya macho matatu ya kifuu. Tangu utotoni nilikuwa na majina ya sehemu hizo zote, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huko ndiko kuijua biolojia.

Ulipofika zamu ya embe na parachichi, mwenzangu mmoja alinishauri kwamba kila tunda lenye kokwa moja kubwa huwekwa kundi moja na nazi. Usimfuate. Kibanzi kigumu cha embe ni endokapi, na ukikibandua kwa kisu utaikuta mbegu imelala ndani yake. Kokwa la parachichi ukilikata linagawanyika mara moja kuwa pande mbili za mbegu yenyewe, na ile ngozi ya kahawia ni ganda la mbegu. Parachichi halina kifuu, kwa hiyo ni beri, yaani tunda la nyama lisilo na endokapi ngumu, sawa na nyanya. Nyanya nayo imeleta ubishi hata mahakamani: mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kwa mambo ya ushuru nyanya ni mboga, ingawa ilikiri kwamba kwa elimu ya mimea ni tunda.

Mabibo ndiyo yaliyonishinda. Nilimwomba binamu yangu anitumie kumi pamoja na korosho zake, naye akayafunga katika mfuko wa plastiki. Yalifika yakiwa uji unaochuruzika, na utingo wa basi akanidai pesa za kuoshea buti la mizigo. Nilizichambua korosho, nikaipasua moja ikiwa mbichi, kwa mikono mitupu. Mafuta yaliyomo katika ganda la korosho huchoma, na ngozi ya vidole vyangu viwili ilivimba na kubambuka kwa karibu majuma mawili. Tafadhali, atakayejaribu avae glavu, au aridhike na kuitazama kwa nje. Nilichokitaka nilikiona hata hivyo: bibo lenye maji matamu ni kikonyo kilichovimba, na tunda halisi ni ile korosho inayoning'inia chini yake. Stroberi nayo hutuhadaa kwa namna hiyo, kwa sababu nyama yake nyekundu si ovari, na vile vipunje vilivyo juu yake ndivyo matunda.

Matunda makavu sikuyagharamia hata senti. Kishona nguo nilikibandua kwenye suruali yangu baada ya doria, nikaona kwamba kila kijiti chenye miiba ni tunda kamili linalosafiri kwa kumng'ang'ania apitaye. Vibweta vya mjakaranda niliviokota kando ya barabara. Hapo wengi hukosea, kwa kuwa mbawa zile nyembamba ni za mbegu, si za tunda. Tunda lenyewe ni kile kibweta kigumu ambacho hukauka, kikapasuka na kuziachia zipeperuke.

Nyama ya nazi ile niliikuna ikaingia mchuzini. Nusu moja, yenye makumbi na kifuu chake, nimeikausha, na mtoto wa jirani aliye kidato cha tatu atakuja kuichukua Jumamosi akaichore.